Sura Moja kwa Siku: namna ya kusoma Biblia kwa mpango wa Nabii Gadi

Vernon Carrington, ambaye marasta wanamwita Nabii Gadi, alianzisha kundi la Makabila Kumi na Mawili ya Israeli mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1968. Alifariki 22 Machi 2005. Agizo lake kubwa linaweza kuandikwa kwenye kiganja: soma Biblia sura moja kila siku, anzia Mwanzo 1, maliza Ufunuo 22, usiruke. Hakutaka mtu ategemee kusimuliwa. Kila mmoja afungue kitabu mwenyewe, asome, aone.

Agizo ni fupi, lakini Arusha na Moshi wapo wengi walioanza kwa moto na kuishia katikati ya Mambo ya Walawi. Shida si imani. Ni hesabu, tarehe na mazoea madogo ambayo hakuna aliyewaeleza, na hayo ndiyo tunayoyapanga hapa.

Kwanza tusichanganye watu. Marasta wenye vilemba na kanzu wanaotengeneza mafagio ni Bobo Ashanti, kundi la Prince Emmanuel Charles Edwards lililoanza 1958. Leonard Howell ni wa mapema zaidi, aliyefungua makazi ya marasta ya Pinnacle, Jamaika, mwaka 1940. Carrington alitokea kwenye Ethiopian World Federation, shirika lililoundwa New York mwaka 1937, na kundi lake lina sura yake: wanawake wana viti vyao kwenye uongozi sawa na wanaume, mtu wa rangi yoyote anapokelewa, na rasta za kichwani si sharti. Wanamkiri Yesu Kristo, wakiamini amejidhihirisha katika Mfalme Haile Selassie wa Kwanza wa Ethiopia. Kwa hiyo mama wa Machame au Kibosho anayeogopa kwamba kijana wake ameacha Biblia, aelezwe kwamba mpango huu unamrudisha kwenye Biblia kila siku ya Mungu. Bangi haina nafasi kwenye mpango huu, na Tanzania ni kosa la jinai.

Biblia ipi

Mpango unahesabu vitabu 66 vyenye sura 1189: Agano la Kale 929, Agano Jipya 260. Angalia Biblia ya nyumbani kabla ya kuanza. Upande wa Rombo na Kibosho nyumba nyingi zina Biblia ya Kikatoliki yenye vitabu 73, na humo Danieli ana sura 14 badala ya 12. Si Biblia mbaya, ila hesabu ya siku itakuvurugikia. Kama ndiyo uliyonayo, soma vitabu vyote vilivyomo na uache tarehe zilizoandikwa hapa, au tafuta ya vitabu 66.

Wengi hutumia tafsiri ya Union, ile ya Kiswahili cha zamani kidogo, na inafaa sana kusomwa kwa sauti. Ina jambo moja ambalo rasta lazima alijue mapema: mara nyingi, mahali ambapo Biblia ya Kiingereza ya King James inaandika Ethiopia, Union inaandika Kushi. Ukitafuta neno Ethiopia kwenye Zaburi 68:31 hutaliona. Utaona Kushi ikimnyoshea Mungu mikono, na huo ndio mstari wenyewe ambao marasta wa Jamaika wameushika tangu mwanzo. Vivyo hivyo Zaburi 87:4, na yule towashi wa Matendo 8:27 ni mtu wa Kushi. Andika neno hili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, usije ukapita juu ya nchi unayoitafuta bila kuitambua.

Biblia ya kwenye simu inafaa kwa dharura. Hatari yake ni ile mipango ya siku 365 inayokuja nayo: inakupa sura tatu au nne kwa siku na kuchanganya agano hili na lile. Huo si mpango wa Gadi. Zima vikumbusho vyake, fungua kitabu tu, nenda sura kwa sura.

Daftari na hesabu

Chukua daftari la mistari. Hesabu mistari ya ukurasa mmoja. Ikiwa 30, unahitaji kurasa 40 kwa sura zote, mstari mmoja kwa sura moja. Kila mstari una vitu vitatu: namba ya siku, jina la sura, tarehe uliyosoma. Usijaze tarehe zote kabla. Andika namba na sura za mwezi mmoja mbele, tarehe ijaze siku ile ile uliposoma. Daftari lililojazwa tarehe zote toka mwanzo linakuwa deni: ukikosa siku mbili unaona aibu kulifungua.

Namba ya siku inapatikana hivi: chukua jumla ya sura zilizotangulia kitabu, ongeza namba ya sura unayosoma. Jumla za kukariri ni chache. Kabla ya Kutoka ni 50, Walawi 90, Hesabu 117, Kumbukumbu la Torati 153, Yoshua 187. Kabla ya 1 Samweli ni 236, 1 Nyakati 338, Ayubu 436, Zaburi 478, Mithali 628, Isaya 679, Yeremia 745, Ezekieli 802. Kabla ya Mathayo 929, Matendo 1018, Warumi 1046, Ufunuo 1167. Basi Zaburi 23 ni siku ya 478 na 23, yaani siku ya 501.

Unaweza kuanza siku yoyote: siku yako ya kuzaliwa, au 1 Aprili ambako mwaka wa makabila, tutakaoueleza mbele, unaanzia. Ukianza 1 Januari, na kama hakuna mwaka mrefu katikati, ramani yako ni hii. Mwanzo inaisha 19 Februari. Vitano vya Musa vinaisha 6 Julai. Mwaka wa pili unaingia Zaburi 24 Aprili na kutoka 20 Septemba. Malaki inaisha 18 Julai ya mwaka wa tatu, kesho yake ni Mathayo 1. Ufunuo 22 inaangukia 4 Aprili ya mwaka wa nne. Kwa jumla ni miaka 3 na siku 94. Ukikutana na Februari ya siku 29, kila tarehe inayofuata inarudi nyuma siku moja.

Saa na mahali

Alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, kabla ya chai na kabla ya kukimbilia kifodi. Sura ya kawaida ina mistari kama 26. Kwa sauti ya taratibu ni dakika nne hadi sita. Ukisema utasoma jioni ukitoka kazini, siku ya mvua kubwa, umeme umekatika, umelowa kutoka Kilombero mpaka Sakina, hutasoma.

Anayelazimika kusoma usiku aamue jambo moja toka siku ya kwanza. Kwa hesabu ya zamani ya Kiswahili siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumatano kwa bibi ni usiku unaotangulia Jumatano yenyewe. Kwa kalenda ya ukutani tarehe inageuka saa sita usiku. Ukichanganya hizi mbili utajikuta umesoma sura mbili tarehe moja na hujasoma tarehe nyingine, ingawa hukukosa usiku hata mmoja. Kanuni rahisi: siku yako inaisha unapolala.

Soma kwa sauti hata ukiwa peke yako. Jicho linaruka majina magumu na mistari inayojirudia, ulimi hauwezi. Ukimaliza, funga kitabu, kaa kimya dakika moja, kisha andika namba ya mstari mmoja uliokugusa. Namba tu inatosha. Maelezo marefu yanachosha, na anayechoka na daftari huacha na kitabu.

Upande wa mlimani, karatasi nyembamba za Biblia hunyonya unyevu wakati wa masika na kurasa kushikana. Ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, mbali na ukuta wa jikoni. Kurasa zilizoshikana usizivute; ziache zikauke kivulini, kitabu kikiwa kimesimama wazi.

Kujua kabila lako

Kwa mafundisho ya Gadi kila mtu ana kabila kwa mwezi wake wa kuzaliwa, na mwezi wa kwanza ni Aprili, si Januari. Msingi wake ni hesabu ya Waisraeli, ambao mwezi wao wa kwanza ni ule wa Pasaka, kama Kutoka 12:2 inavyoagiza. Kila kabila lina rangi.

Aprili: Reubeni, fedha
Mei: Simeoni, dhahabu
Juni: Lawi, zambarau
Julai: Yuda, kahawia
Agosti: Isakari, njano
Septemba: Zabuloni, waridi
Oktoba: Dani, buluu
Novemba: Gadi, nyekundu
Desemba: Asheri, kijivu
Januari: Naftali, kijani
Februari: Yusufu, nyeupe
Machi: Benyamini, nyeusi

Ndiyo maana Carrington, mtu wa Novemba, aliitwa Gadi. Haile Selassie alizaliwa 23 Julai 1892, akaangukia Yuda. Bob Marley, aliyekuwa wa kundi hili, alizaliwa 6 Februari 1945: ni Yusufu, na baraka ya Yusufu kutoka Mwanzo 49 ilichapwa kwenye jalada la albamu yake ya 1976, Rastaman Vibration.

Hapa kwetu neno kabila lina kazi nyingine, kwa hiyo mweleze mgeni vizuri. Hili haliondoi Uchagga wala Umeru wa mtu. Ndugu wawili wa tumbo moja, Tengeru, mmoja wa Oktoba na mwingine wa Machi, ni Dani na Benyamini, na wote ni Wameru vilevile.

Ugumu unakuja kwa watu ambao mwezi wao haujulikani. Tarehe 1 Januari au 1 Julai kwenye cheti cha kuzaliwa itazame mara mbili. Mara nyingi iliwekwa kwa kukadiria, na inaweza kukufanya Naftali au Yuda bila wewe kuwa huko. Tafuta kadi ya kliniki, kisha cheti cha ubatizo. Cha ubatizo kinakupa ukomo wa mbele tu: ulizaliwa kabla ya tarehe hiyo, pengine wiki chache, pengine miaka.

Vikikosekana vyote, nenda kwa mama au bibi, ila usimuulize mwezi. Uliza tukio. Mvua ilikuwaje? Usiridhike na jibu la "ulizaliwa masika", kwa sababu masika inaanza Machi mpaka Mei, na hayo ni makabila matatu: Benyamini, Reubeni na Simeoni. Endelea: mahindi yalikuwa yamepandwa au yamepaliliwa? Kisha tafuta msiba au jambo la nchi nzima. Sokoine alifariki 12 Aprili 1984 na kuzikwa Monduli. Wazee wa Arusha wanaikumbuka wiki ile kama jana. Bibi akisema ulikuwa mchanga kabisa alipozikwa, basi ni mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na swali linalobaki ni kama kitovu kilikuwa kimeshadondoka. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. Mwalimu Nyerere alifariki 14 Oktoba 1999. Matukio matatu au manne ya namna hii yanatosha kubana mwezi. Ukiona bado haubaniki, anza kusoma. Kabila litakufikia njiani, sura haingoji.

Ukishajua, weka alama kila kabila lako linapotajwa. Tumia penseli ya rangi. Maka pen inapenya karatasi na kuharibu mistari ya nyuma. Fedha ya Reubeni ifanye kwa penseli ya kawaida ya risasi, inang'aa vya kutosha. Nyeupe ya Yusufu haionekani kwenye karatasi, kwa hiyo chora kisanduku kuzunguka jina na kiache tupu. Kwa alama ya ukurasa, suka uzi wa rangi yako, urefu uzidi kitabu kwa vidole vinne, ncha zote mbili zifungwe fundo zisifumuke.

Sura za kuweka alama, kwa anayeanza 1 Januari: kuzaliwa kwa wana wa Yakobo ni Mwanzo 29 na 30, na Benyamini ni 35. Dina, dada yao, yuko 30:21. Msimsahau, kwa sababu kwenye kundi la Gadi kuna kiti cha Dada Dina pamoja na vile vya makabila kumi na mawili. Baraka za Yakobo ni Mwanzo 49, tarehe 18 Februari. Baraka za Musa ni Kumbukumbu 33, tarehe 5 Julai, na mtu wa Mei asishtuke: Simeoni hatajwi pale. Kwenye Ufunuo 7, tarehe 20 Machi ya mwaka wa nne, ni Dani asiyetajwa, na Manase yupo. Siku mbili kabla yake, Ufunuo 5:5, utakuwa umekutana na Simba wa kabila la Yuda.

Mahali watu wanapoanguka

Walawi tumeshaitaja. Dawa yake ni sauti na ufupi: sura 27 ni siku 27 tu, hazifiki mwezi.

Hesabu 7 ndiyo inayojaribu uaminifu, siku ya 124, tarehe 4 Mei. Ina mistari 89. Wakuu kumi na wawili wanaleta sadaka, kila mmoja na siku yake, na sadaka ni ile ile neno kwa neno: sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70, kijiko cha dhahabu cha shekeli 10 kimejaa uvumba. Mara kumi na mbili. Hapo mkono unataka kufunua mbele. Usifunue. Sikiliza majina badala ya vyombo: siku ya kwanza Yuda, ya pili Isakari, ya tatu Zabuloni, ya nne Reubeni, ya tano Simeoni, ya sita Gadi. Halafu Efraimu, Manase, Benyamini, Dani, Asheri, Naftali. Yusufu ameingia kupitia wanawe wawili, na Lawi hayumo kwa sababu yeye ndiye anayehudumu hemani. Hakuna aliyeleta zaidi ya mwenzake, na hakuna aliyefupishiwa maelezo kwa kuwa alichelewa kufika. Ukiisoma yote kwa sauti, unaisikia heshima ya kila kabila kupewa siku yake nzima. Aliyeruka hawezi kuisikia.

Nyakati ya Kwanza ni mtego wa kalenda yetu. Ukianza Januari, sura 1 mpaka 9, zile za majina matupu, zinakuja tarehe 5 mpaka 13 Desemba. Hujakaa sawa, Wachagga wanapanda mlimani kwa Krismasi, nyumba imejaa, mbuzi wamechinjwa, na tarehe 20 mpaka 26 unatakiwa usome 1 Nyakati 16 mpaka 22. Wengi wanaacha hapo na Januari hawarudi. Weka Biblia juu kabisa kwenye begi la safari, si chini ya nguo, na soma kabla watoto hawajaamka. Na majina yale si matupu kama yanavyoonekana: 5:1-2 inaeleza kwa nini Reubeni, mzaliwa wa kwanza, alipoteza haki yake ikaenda kwa wana wa Yusufu, na kuanzia 5:11 wamo wana wa Gadi na nchi waliyokaa.

Zaburi 119 ina mistari 176, mafungu 22 ya mistari minane. Ni sura moja, kwa hiyo ni siku moja. Tenga dakika ishirini hadi thelathini, pumzika mwisho wa kila fungu. Siku mbili kabla yake una Zaburi 117 yenye mistari miwili tu. Usijiongezee nyingine kwa kuwa imekuwa fupi. Sura moja ni kipimo cha juu na cha chini, isipokuwa unapofidia siku uliyokosa.

Ukikosa siku

Siku moja mpaka tatu: soma mbili kwa siku, asubuhi na jioni, mpaka ulingane. Zaidi ya hapo usikimbize. Sogeza mwisho: aliyekosa siku 12 atamaliza 16 Aprili badala ya tarehe 4, na hakuna dhambi hapo. Anayejaribu kusoma sura sita kwa siku moja kufidia wiki ya homa anazipitisha macho tu, na siku ya tatu anaacha kabisa. Kosa lisilotibika ni kuruka sura ukisema utairudia. Hutairudia.

Wanaosoma pamoja nyumbani wapokezane sauti, siku moja mtu mmoja, sura nzima. Kugawana mistari kunamfanya kila mtu asubiri zamu yake badala ya kusikiliza. Mgeni akijiunga mkiwa Kumbukumbu 12, akae asikilize, lakini daftari lake mwenyewe linaanza Mwanzo 1 asubuhi inayofuata. Mabishano yasubiri sura ikamilike, na asiyesoma sura ya siku hiyo asikilize tu.

Ufunuo 22 ikiisha tarehe 4 Aprili, usipumzike wiki. Asubuhi ya tarehe 5 hamisha uzi, fungua Mwanzo 1, daftari jipya. Lile la zamani liweke karibu: utataka kuona mstari uliokugusa mara ya kwanza kwenye sura ile ile.